Buti la Pijo

Matundu yale hayakuwa ya kutu. Kutu Swaleh aliijua vizuri. Inakula bati bila mpango, leo hapa, kesho pale. Haya yalitobolewa kwa drili, yakapangwa mstari nyuma ya kiti cha Pijo 404, na kingo zake zilikuwa bado zinang'aa.

Alifunga gesi, akainama ndani ya buti kwa mara nyingine.

Buti lenyewe hakutakiwa kuligusa. Mwenye gari, Mzee Emanueli, dereva mstaafu, alikuwa amemwelekeza vizuri: anyooshe madigadi, anyooshe milango, boneti irudi kama ilivyotoka kiwandani. "Buti liache, fundi. Nitalishughulikia mwenyewe." Lakini kumwambia fundi wa bodi aache bati moja lililopinda kwenye gari zima ni sawa na kumwambia mpishi aache jiwe moja kwenye wali. Swaleh alikuwa amehangaika na lile gari kwa moyo wake wote: anaegemeza chuma kwa ndani, anagonga kwa nje, palipovimba anapasha moto mpaka bati linaiva, anabandika tambara la maji, bati linanywea lenyewe. Tangu ahamie Mugumu kutoka Tanga mwezi wa tano hakuwahi kupata kazi tamu kama hii. Mfuniko wa buti uliobenuka ulimkera, akaufungua.

Ndani alikuta blanketi lililokunjwa vizuri, chupa ya maji, na kandambili moja ya pinki, ya mtoto wa kike. Kamba ya katani ilikuwa imefungwa kwenye komeo, kwa upande wa ndani. Aliivuta, komeo likafyatuka. Hakuifikiria sana ile kamba, macho yake yalikuwa kwenye kandambili.

Hapo akalikumbuka gari la matangazo. Lilipita sokoni likipaza sauti: Gati, binti wa Nashoni wa Kenyamonta, mwanafunzi wa darasa la sita, amepotea, mwenye habari amsaidie baba yake.

Swaleh alifunika buti, akaokota nyundo, akarudi kwenye digadi. Dhambi yake ilianzia hapo, kwenye kuokota nyundo.

Kesho yake Mzee Emanueli alikuja na mandazi ya moto kwenye mfuko. "Dada yangu Sarah anakusalimu, fundi. Yule anayepika kambi ya watalii kule Natta. Gari likiisha, naelekea kwake."

"Salamu zimefika, mzee," alijibu Swaleh. Andazi alilirudisha kwenye mfuko. Mtu aliyeiba mtoto, na bado mpole kiasi hiki, anagawa chakula!

Alitafuta sababu za kunyamaza, na mtafuta sababu hazikosi. Yeye ni mgeni, mambo ya huku ndiyo kwanza anajifunza. Huenda kandambili ni ya mjukuu. Huenda matundu ni ya kupitishia kuku hewa. Lakini kila alipogonga bati alisikia mtoto anagonga kutoka ndani, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliona kabisa kwamba alikuwa anauza mtoto wa watu ili amalize kunyoosha gari.

"Unagonga hata meza ya chakula," mkewe Rahima alimwambia. "Una nini?"

Akamweleza yote. Rahima aliweka kijiko chini.

"Baba Yassini, angekuwa wetu, ungenyamaza?"

Asubuhi hakufungua gereji. Alipanda bodaboda mpaka Kenyamonta.

Kwa Nashoni watu walijaa. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na uani mbuzi walikuwa wanachunwa. Swaleh alidhani ni majirani waliokuja kumfariji mzazi, ingawa ngoma ilimshangaza kidogo. Kwenye kiti kizuri kuliko vyote alikaa bibi mmoja mwenye kitenge kipya, naye kila mtu alikuwa anamhudumia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Nashoni alimkaribisha ndani, akamfungulia soda. Swaleh alisema kila kitu: matundu, blanketi, kandambili, Emanueli, dada Sarah wa Natta. Alipofika mwisho alikuwa analia. "Nisamehe, mzee wangu. Nimelijua hili siku zote hizi, nikafunga mdomo kwa ajili ya kazi."

Nashoni hakumlaumu. Alitoka, akamwita mdogo wake Ryoba, na kabla soda haijafika nusu pikipiki tatu zilikuwa zimeshika njia ya Natta. Kisha alirudi, akaushika mkono wa Swaleh kwa mikono yake miwili.

"Umetutoa aibu, fundi. Wenzake wote wako tayari. Bibi wa watu alikuwa anamsubiri huyu mmoja tu."

Swaleh alitoka pale akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu afungue lile buti alihisi njaa, njaa hasa, akakumbuka hajatia chakula mdomoni tangu jana.

Alipofika penye njia alisikia hatua za haraka nyuma yake. Mama mmoja alikuwa anamkimbilia, miguu peku, khanga imemwanguka begani.

"Mimi ni Wegesa. Mama yake Gati."

"Usinishukuru, mama," Swaleh alimwahi. "Nimechelewa mno."

Wegesa alitazama vumbi la zile pikipiki.

"Nilimpandisha mimi kwenye lile buti," alisema. "Yule bibi anawakeketa kesho."