Njano ya Mdomo wa Kekeo

Enzi zile mvua ilipokuwa ikinyesha polepole kama inayosinzia, ndege Mnana aliatamia mayai yake matatu huku akijisifu kwa majirani.

"Kuna aina mbili za ndege kekeo, wote wa kijivu," alisema. "Mwenye njano kidogo mdomoni ni mpita njia tu. Mwenye njano nyingi ndiye anayetaga kwenye viota vya wenzake. Mimi hanipiti!"

Asubuhi moja ya ukungu, Kekeo mmoja akapiga hodi kutoka tawi la mbali, kwa sauti laini kama ya ndotoni.

"Wewe ni yupi?" akauliza Mnana.

"Njoo unitazame, bibie. Mjuzi ni wewe."

Mnana akaruka, akamzunguka, akaukodolea macho ule mdomo hata akajisahau.

"Njano nyingi! Nimekujua, na kwangu hukanyagi!"

"Hapo umenipata," akasema Kekeo kwa upole. "Namngoja mke wangu tu, tuondoke. Yule anakuja, anatoka kwako."

Mnana akarudi mbio. Mayai yalikuwa manne, yote yana madoa yaleyale, yote yana joto. Akayageuza moja moja mpaka ukungu ukaisha. Kisha mjuzi wa ndege akafumba macho, akayaatamia yote.