Utando Usioinama

Katika nyumba ya mwanangu ni mimi peke yangu ninayeinama. Watu wazima wengine wote wamebandikwa utando mgongoni, kuanzia kisogoni hadi mapajani, tabaka moja tu la atomi, na huwezi hata kuuona. Ukivutwa kwa upana unanyumbuka, ndiyo maana wanapumua na kujigeuza vizuri tu. Ukivutwa kwa urefu haukubali hata kidogo. Wanabeba magunia siku nzima na hakuna anayelalamika kiuno, ila wanakula wima, na kijiko kikianguka, basi tena.

"Mama, samahani," mkwe wangu huniita akiwa amesimama jikoni. "Nyanya imebingirika chini ya kabati."

Nami nakwenda. Mimi ndiye ninayewafunga kamba za viatu, ninayefagia uvunguni, ninayepalilia mchicha. Sema utakavyo, kwa umri wangu kuhitajika hivi ni raha. Wenzangu wengi wanakaa tu wakisubiri uji.

Jana nilidondosha mwiko. Kabla sijajishika kiuno, mjukuu wangu Nakijwa, mwenye miaka mitatu, alichuchumaa akauokota, akanipa kwa mikono miwili.

"Ahsante, mjukuu wangu!" Nikacheka kwa furaha. Kumbe humu ndani ninaye mwenzangu.

"Usimzoeshe, mama," mkwe wangu akasema kwa upole. "Jumatatu na yeye anabandikwa wake."

Nikauangalia ule mwiko. Kisha nikauachia, ukaanguka tena sakafuni.

"Nakijwa," nikamwita, "hebu niokotee."