Fungu la Zamda

Mthamini alisugua kutu na kinyesi cha kuku kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mpaka namba za chesi zikajitokeza kwenye bati la gari, pale injini ilipokuwa imekaa zamani. Akavaa miwani. Akazisoma mara mbili.

Zamda alisimama pembeni, mikono kifuani. Datsun hiyo ya spoti baba yao aliiagiza Japani enzi za ujana wake. Alipofariki, kaka wawili wa Zamda waligombania nani airithi, mwisho wakaifungua yote na kugawana. Mkubwa alichukua injini, wa pili akachukua milango na magurudumu. Zamda wakamwachia bodi tupu. Akaikokota mpaka kwake Itetemia, akafugia kuku humo.

Leo, baada ya kusikia kuna mnunuzi, kaka zake wamekuja na mafungu yao, yameoshwa kwa dizeli, yamepangwa kwenye turubai yanameta.

"Hizo ni spea," mthamini alisema bila hata kugeuka. "Spea hata Dar zipo. Gari ni hili lenye namba. Mteja wangu analipia namba."

Kaka mkubwa akakohoa.

"Mdogo wangu, sisi ni damu moja. Hilo bati bovu litakusaidia nini? Chukua injini, tubadilishane."

Zamda aliinama mahali palipokuwa na kiti cha dereva, akaokota yai, akalifuta taratibu kwa ncha ya khanga.

"Injini haitagi, kaka," akasema. "Ila kama unaiuza, taja bei."