Makubadhi ya Anayekwenda

"Wamevuka mto, wamechoma maghala yetu, na wajumbe tuliowatuma wamerudishwa kwa matusi. Kama hapa hatuna haki ya kupigana, tutakuwa nayo lini?"

Makofi yakarindima ukumbini. Mzee Sebarua hakuketi. Alikwenda huku na huku kama aliyekanyaga kaa la moto.

Bi Mwanjaa, mwenyekiti wa baraza, akangoja kelele zitulie. "Tumekusikia. Makubadhi yako wapi?"

Ndiyo desturi ya mji ule: anayetaka vita huinua juu, mbele ya watu wote, viatu vya mtu wa nyumbani kwake atakayekwenda kupigana. Bila hivyo, kura haipigwi.

Sebarua akavua yake.

"Wewe huendi, mzee wangu. Tunataka ya anayekwenda."

Kabla hajajibu, mwanawe Mbaruku alivua yake pale mlangoni, akaja pekupeku, akayaweka miguuni pa baba yake. Uso ulimng'aa. "Yainue, baba."

Sebarua akainama. Kubadhi la kushoto lilikuwa limelika kisigino upande wa nje, sawasawa na la kwake. Akaivutavuta gidamu yake, ule ukanda wa kati ya vidole.

"Uzi umelegea," alisema. "Nani ana sindano?"

Akapewa. Akaketi sakafuni, akashona, ukumbi mzima ukimtazama. Alipofika mwisho akaukagua mshono, akaufumua wote, akaanza upya.

"Baba," Mbaruku alinong'ona, "watu wanangoja."

"Wangoje," alisema Sebarua, akiulowesha uzi mdomoni.