Kopo la Habona

Siku hizi, takataka inayookotwa Mto Tana hurudishwa kila Jumamosi nyumbani kwa aliyeinunua, maana dukani kila chupa na kopo hutiwa jina na anwani ya mnunuzi kwa alama isiyofutika. Wa nyumbani akisaini, yamekwisha. Akikataa, wakaguzi humsaka mnunuzi mpaka wamfikie.

Habona hajawahi kurudishiwa hata mfuniko. Ndiye anayewafundisha watoto wa shule kuutunza mto, na kwa miaka mitatu hajakosa siku ya usafi. Watu husema ana moyo. Hawajui kwamba kila anapozamisha mikono matopeni anautafuta mwili wa mumewe, Komora, aliyesombwa na mafuriko.

Leo Buya, kiongozi wa zamu, alisimama mlangoni na kopo mkononi, macho chini.

"Dada, mashine ya kusoma alama inasema hili ni la hapa kwako."

Lilikuwa kopo la maziwa ya mtoto mchanga. Jina: Komora. Lilinunuliwa Jumatatu wiki hii, mji wa upande wa juu wa mto.

"Mashine hukosea?"

"Haijawahi. Kataa tu, dada. Watamfuata hukohuko."

Habona alichungulia ndani ya kopo. Kijiko kidogo cha kupimia kilikuwa bado kimo. Akasaini.

"Na yakiokotwa mengine?"

"Yataletwa hapahapa, dada. Kila Jumamosi."

Buya alipoondoka, Habona aliliosha kopo, akaliweka rafuni. Kisha akasogeza vikombe, kimoja kimoja, kuacha nafasi ya mengine.