Jiko Lisilofunguka

Nakutegea, ukae sawa: ninaye mlaji ukutani, hana miguu wala tumbo. Nikimfungia mlango, ananipasha joto. Nikimwachia wazi, atanila mimi na nyumba yangu.

Umekwama? Basi nipe mji. Burlington? Nimeupokea. Ni jiko la kuni, lile la chuma linalopachikwa ndani ya meko ya ukutani.

Sasa sikiliza. Ardith Pelkey alikuwa amepiga magoti kwenye duka la majiko huku Burlington, koti bado mwilini, anavuta mlango wa jiko jipya kwa mikono miwili. Mlango uligoma. Akapumzika kidogo, akauvuta tena. Ukagoma.

"Afadhali hili," akasema.

Royce, muuzaji, alikuwa hajawahi kumsikia mteja akilisifu jiko kwa kugoma kufunguka.

Kijijini kwao Ardith lilikuwepo duka la majiko, dakika kumi tu kwa gari. Lakini kule angeulizwa habari za nyumbani. Akaona bora aendeshe saa nzima kwenye theluji aje huku, ambako hakuna anayemjua.

Jiko lake la zamani lilipasuka mgongo mwezi wa kwanza. Yule aliye naye nyumbani alilishindilia kuni mpaka chuma kikawa chekundu, na bomba la moshi nalo likashika moto. Ardith alikuwa bafuni, dakika tano tu. Zimamoto walipoondoka, binti yake alimpigia simu kutoka Boston, akamwambia taratibu kwamba ukitokea moto wa pili, yule wa nyumbani ataondolewa, akatunzwe na watu baki. Na yeye binti hatapinga. Ardith hakulala siku tatu.

Royce alimuuliza kuni zake zina urefu gani. Akajibu inchi ishirini na mbili, zimepangwa bandani za miaka miwili mbele, zimekauka vizuri. Royce akatikisa kichwa: majiko ya siku hizi mengi yanameza kumi na nane tu. Ardith alilijua hilo, na ndilo lililomtisha. Gogo likizidi urefu, yule wa nyumbani atalichomeka hivyo hivyo, nusu ndani, nusu nje, na mlango atauacha wazi. Hili tu ndilo lilimeza inchi ishirini na mbili.

"Kwa nini usiweke hita ya umeme, mama, upumzike?"

"Asipoona moto analia."

Royce akatabasamu. Akasema kumbe ni mjukuu, na wake naye alikuwa hivyo hivyo, mikono haitulii. Akamvutia uzio wa chuma wa kuzungushia meko.

"Hizi tunauza kwa umri, ili kimo kilingane. Ana miaka mingapi?"

Ardith alikuwa anauchunguza mpini wa mlango. Akauliza kama unachomoka. Royce akamwonyesha: unachomoka, unautia mfukoni, na hapo jiko halifunguki mpaka uurudishe.

"Lakini bado uzio utauhitaji," akasema Royce. "Huu una kilo ishirini, hausogei."

"Ataunyanyua."

Royce akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, huyo mnamlisha nini?"

"Pankeki," akasema Ardith, naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Kisha akamsimulia. Kwamba alificha viberiti kwenye mkebe wa unga, vikapatikana. Kwamba ukimkataza anaitikia kwa adabu, na nusu saa haijaisha yuko pale pale, kiganja kitupu juu ya chuma. Sasa viganja vyote viwili vimefungwa bandeji. Leo amemwacha na jirani, na jirani mwisho wake saa sita.

"Vumilia tu," akasema Royce. "Akiungua mara moja, atajifunza."

"Ameungua mara tatu."

Ardith akauchomoa mpini, akautia mfukoni, akautazama mlango uliobaki na tundu tupu. Alivyomjua yule wa nyumbani, angekaa mbele ya tundu lile, akilipapasa mpaka giza liingie, hajui kilichopotea ni nini. Akautoa tena mfukoni, akasimama nao pale kama mtu aliyesahau njia.

Hakuona lingine.

"Nitachukua hili," akasema. "Na huo uzio."

Royce akaenda mezani na karatasi yake, akaandika jina, akaandika kijiji, akafika pa uzio, kalamu ikasimama.

"Bado hujaniambia, mama. Ana miaka mingapi?"

Ardith aliugeuza mpini mkononi, akaugeuza tena.

"Anatimiza themanini na mbili mwezi wa tatu," akasema. "Ndiye aliyenifundisha kuwasha moto, wiki ile tulipooana."