Ruhusa Mbili za Asubuhi Moja

Tanga ya miaka hiyo ilikuwa na sheria kwamba mzee haachwi bila mtoto. Aliyetaka kuhama aliingia kibanda cha Daftari, ofisi ya orodha ya wakazi, akaruhusiwa iwapo ndugu yake bado yupo. Lakini ukiwa kibandani hukuonyeshwa shauri la mwenzako ambalo halijakamilika. Ulionyeshwa mambo yalivyokuwa ulipofunga mlango.

Mwanakheri na kaka yake Shaame waliingia vibanda viwili asubuhi moja. Mwanakheri alionyeshwa kwamba Shaame yupo, na Shaame akaonyeshwa kwamba Mwanakheri yupo. Wote wakapewa ruhusa.

Waligundua nyumbani, mbele ya mama yao Bi Mize, ambaye hakuweza kushuka kitandani.

"Si ungeniambia, kaka!"

"Na wewe ulinyamaza kwa nini?"

Walipomfuata karani wa Daftari, alikuna kichwa. "Kila shauri, peke yake, liko sahihi. Mmoja wenu afute ruhusa yake. Ila akifuta, haombi tena kwa miaka mitano."

Walirudi nyumbani. Kesho yake Shaame alikwenda kimyakimya kufuta yake. Katika kibanda cha pili, Mwanakheri naye alikuwa anafuta yake. Walikutana nje, kila mmoja na karatasi mkononi.

Bi Mize alisonya. "Jana sikuwa na mtoto. Leo ninao wawili, na wote mmenuna. Haya, nani atanigeuza?"

Wote walibaki wameketi, kila mmoja akidhani mwenzake anainuka.